Mkono wa mwalimu usiguse mausi: ninavyofundisha kompyuta maofisini Lamu

Kila nikiingia ofisi mpya kufundisha, huikalia mikono yangu. Sisemi kwa mfano. Naweka viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa halua kabla wageni hawajala, na mausi namwachia mwanafunzi. Wa kwanza kuniona hivyo alikuwa karani mmoja wa zahanati, akaniuliza kama nahisi baridi. Baridi, Lamu, mwezi wa Machi!

Nafundisha watu wa maofisini: makarani, watu wa mapokezi katika nyumba za wageni, waweka hazina wa vyama vya akiba, walimu wakuu. Si watoto wa shule wala vijana wanaotafuta vyeti. Ni watu wazima ambao kazi yao haisimami eti kwa sababu wanajifunza, na wengi wanaona haya kuonekana hawajui mbele ya vijana walioajiriwa juzi. Nayaandika haya kwa mwenzangu ambaye mkuu wake amemwambia, "Wewe unajua kompyuta, wafundishe wenzako," akapewa chumba na projekta na siku mbili.

Projekta irudishe.

Siku ya kwanza usifundishe

Nenda ofisini asubuhi, omba kiti na kikombe cha chai, kaa kando ya mtu anayefanya kazi mpaka adhuhuri. Mwambie wazi kwamba umekuja kuijua kazi, si kumpima yeye. Andika kila anachofanya, hata kisichohusu kompyuta: anaandika wapi kwanza, karatasi ipi anaifuata chumba cha pili, simu anampigia nani akikwama.

Karani mmoja wa kikundi cha wavuvi, mtu wa makamo ya babangu mdogo, ndiye aliyenifunza umuhimu wa asubuhi hiyo. Kompyuta yake ilikuwa safi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Samaki wakipimwa, changu, tewa, nguru, pweza, kilo aliziandika kwenye kaunta buku. Kisha akachukua kalkuleta, akajumlisha. Kisha akafungua Excel, ile programu ya majedwali, akauandika kila uzito kwenye mstari wake, na chini kabisa akaandika, kwa kidole kimoja, ile jumla ya kalkuleta. Mashine ya hesabu aliifanya taipureta.

Mwalimu mwenye haraka angecheka kimoyomoyo, akamwonyesha alama ya kujumlisha, akaondoka na sifa zake. Mimi nilimuuliza tu: "Mzee, mbona hesabu huiachii kompyuta?"

"Mwanangu," akasema, "hiyo yasema urongo."

Nikamwomba anionyeshe huo urongo. Akajumlisha kwa kompyuta mbele yangu, na kweli, jumla ikatoka pungufu. Mistari mingine aliandika "12", mingine "12kg". Kwa Excel, ya kwanza ni nambari na ya pili ni neno, na amri ya kujumlisha safu huyaruka maneno kimyakimya. Haitoi onyo wala haiwaki nyekundu. Inajumlisha inachokitambua na kukupa jibu lenye sura ya haki. Mzee aliwahi kuwalipa wavuvi kwa jumla ya aina hiyo, pengo akaliziba kwa fedha zake, na tangu siku ile kalkuleta haikutoka mezani.

Kama ningeanza na somo la kujumlisha, ningemfundisha jambo alilolijua zamani na kulikataa kwa sababu nzuri. Alichohitaji ni kingine: neno "kilo" liandikwe mara moja tu, kichwani mwa safu, na chini yake ziwe nambari tupu. Nikampa na jambo la jicho. Usipozipanga wewe mwenyewe, nambari huegemea upande wa kulia wa seli, kile kisanduku cha kuandikia, na maneno huegemea kushoto. Ukiona mstari mmoja umeegemea kushoto peke yake katikati ya nambari, huo haujahesabiwa. Somo zima lilichukua dakika kumi. Mzee alilijaribu mara tatu huku akihakikisha kwa kalkuleta, halafu kalkuleta akaitia kwenye droo. Hakuitupa, nami sikumwambia aitupe.

Daftari la makosa

Baada ya siku hiyo nilianza kuweka daftari lenye safu mbili. Ya kwanza, kosa lenyewe. Ya pili, mwenye kosa: aliyebonyeza, au aliyeiunda programu bila kumfikiria mtu kama huyu. Nakushauri uanze lako kabla ya somo la kwanza, kwa sababu ndilo litakalokupa mtaala, mtaala ambao hutaupata katika kitabu chochote cha "pakeji", yale mafunzo ya programu za ofisi.

Katika langu, nambari za simu zimejaa. Karani anaandika 07 na zinazofuata, akibonyeza Enter sifuri imetoweka. Excel imeona nambari, na nambari haianzi na sifuri. Fundisha kuibadilisha safu iwe ya maandishi kabla ya kuandika, au kutanguliza alama ya ritifaa, ile ya ng', mbele ya sifuri. Nambari ya risiti "3-4" nayo hugeuka tarehe. Mwanafunzi wako akiona haya kwa hilo, mwambie hata wanasayansi wa vinasaba yaliwapata. Kuna jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1, na Excel ikawa inazigeuza tarehe za Machi na Septemba ndani ya majedwali ya utafiti, mpaka mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni ikayabadilisha majina yenyewe. Wakati huo programu ilikaa palepale, sayansi ndiyo iliyosogea.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Uingereza iligundua kwamba karibu wagonjwa 16,000 wa korona hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, wala waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo ukurasa wake unaishia mstari wa 65,536. Kilichozidi kilikatika. Kisa hiki nawasimulia wanafunzi wote, na mzee wa samaki alikifurahia kupita kiasi.

Lakini kosa ambalo sijaliona likiandikwa popote ni la saa. Nyumba moja ya wageni Shela ilikuwa na vijana wawili wa mapokezi. Wa asubuhi, mtoto wa Lamu, aliandika boti ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda ni saa 4:00. Wa jioni, aliyesomea hoteli Mombasa, aliandika 10:00. Wote walikusudia wakati mmoja, saa nne asubuhi. Kompyuta kwa upande wake inajua 4:00 ni alfajiri, jogoo bado kulia, na ikaipanga orodha kwa saa sita za tofauti. Ukiwauliza, kila mmoja ameandika sawa. Tulichofanya ni kuandika kichwani mwa safu "saa ya simu". Si "saa ya Kizungu", kwani hilo lilizua ubishi wa nusu saa. Simu kila mtu anayo mfukoni na wote wanaiona inavyosoma.

Majina je? Programu ya wagonjwa inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Huku mtu ana jina lake, la babake na la babu yake, na majina yenyewe ni yaleyale yanayozunguka. Mohamed, Mohammed, Muhammad, Muhamad. Karani akitafuta kwa tahajia moja na mgonjwa alisajiliwa kwa nyingine, haoni kitu, kwa hiyo anafungua kadi mpya. Sasa mtu mmoja ana historia mbili, na mzio wake wa dawa umeandikwa kwenye ile isiyofunguliwa leo. Hapa mfundishe mtu utaratibu wa kutafuta, si vitufe: kwanza nambari ya kitambulisho au ya simu, kisha mwaka wa kuzaliwa, jina mwisho. Na tahajia ifuate kitambulisho, hata kama mwenyewe huandika vingine.

Watu hawasomi, wanafanya

Mimi nilisoma pakeji Malindi mwaka 1998. Wiki mbili za mwanzo hatukuigusa mashine. Tulinakili kwenye daftari kwamba kompyuta ni chombo cha elektroniki kinachopokea data, kinaichakata na kutoa taarifa. Tulikariri vizazi vya kompyuta, cha kwanza kikiwa cha vali, cha pili cha transista. Tulipofika kwenye mashine, wanne kwa kiti kimoja, mwalimu alikuwa akipita nyuma yetu, na ukikwama anaunyakua mausi, tiki tiki tiki, "Umeona?" Nilikuwa sijaona. Nilipata cheti kizuri sana, na siku ya kwanza kazini nikashindwa kuipata barua niliyoihifadhi mwenyewe.

Wakati huo nilidhani nina kichwa kigumu. Kumbe jambo lilikwisha kuchunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya IBM ilikuwa ikiuza maofisini mashine za kuchapia nyaraka, na watafiti wake, John Carroll akiwa mmoja wao, walikaa wakiwatazama makatibu wakijifunza kwa vitabu vilivyoandikwa kwa uangalifu mwingi. Watu hawakuvifuata. Waliruka kurasa, wakajaribu barua halisi, wakakwama, wakakisia. Carroll hakusema watu ni wavivu. Alikipunguza kitabu: akatoa utangulizi na marudio, akabakisha kazi za kufanya na namna ya kujinasua mtu akikosea, na watu wakajifunza haraka zaidi. Mwaka 1984, yeye na Caroline Carrithers walijaribu mashine iliyofungwa yale ambayo mwanafunzi mpya hayahitaji. Ukibonyeza kilichofungwa, inakuambia hakipo kwa sasa, hutumbukii. Kisha mwaka 1987, pamoja na Mary Beth Rosson, akaeleza kwa nini mtu mwenye kazi mkononi hataki kusimama ajifunze hata lile litakalomwokolea muda kesho, na kwa nini huitumia mashine mpya kwa mazoea ya ile ya zamani. Niliposoma hayo nikamwona mzee wa samaki na taipureta yake, waziwazi.

Kwa hiyo usiwe na somo la "Utangulizi wa Excel". Uwe na somo la "Kufunga hesabu ya Jumatatu". Lianze na karatasi yao wenyewe na liishe kazi ikiwa imekamilika, imeprintiwa, imetiwa sahihi. Kama kwa kazi hiyo wanahitaji mambo matano, fundisha matano. Jambo la sita litakuja siku likihitajika, na litaingia kichwani lenyewe.

Hilo la kufunga yasiyohitajika nawe unaliweza bila kuwa IBM. Tengeneza jedwali lenye hesabu zake tayari. Chagua seli za kuandikia tu, bofya kwa kitufe cha kulia, ingia Format Cells, na kwenye Protection ondoa tiki ya Locked. Kisha nenda Review, bofya Protect Sheet. Sasa kidole kikiteleza juu ya jumla, hakiifuti. Paswadi ya kufungulia wapewe watu wawili, asiwe mmoja, kwa sababu mmoja husafiri.

Kuhusu lugha, nitasema jambo litakalowaudhi wenzangu wanaokipenda Kiswahili, nami nakipenda. Programu za Kiswahili zipo, na si za jana: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na huo ulikuwa ushujaa. Lakini nilipowawekea watu wa ofisi moja menyu za Kiswahili, walipotea. Walikuwa hawasomi maneno, walishika mahali na umbo. Na wakikwama usiku humpigia mpwa aliye Mombasa, anayezijua menyu za Kiingereza peke yake. Menyu nikazirudisha. Somo lenyewe nalifundisha kwa Kiswahili, maelezo yote ya faili tunaandika kwa Kiswahili, ila lugha ya menyu inaifuata ya yule atakayewasaidia mimi nikiwa sipo. Ukiweza kuwabadilisha wote, mtaa mzima, basi badilisha.

Wavunje makusudi

Somo langu la tatu ni la kuharibu. Kila mtu anapewa nakala ya faili kwenye flashi, si faili lenyewe, na anaamrishwa alivunje: afute safu nzima, alihamishie folda asiyoijua, alifunge bila kuhifadhi. Kisha alitengeneze. Kicheko huwa kikubwa, na hofu hutoka humohumo.

Ujerumani, Michael Frese na wenzake walilijaribu hili kwa miaka. Wengine walifundishwa hatua kwa hatua wasikosee, wengine wakapewa maelekezo machache na kuambiwa kosa ni sehemu ya somo. Mwaka 2008, Nina Keith na Frese walikusanya tafiti 24 za namna hiyo. Waliofundishwa kwa makosa walikuwa mbele, hasa mafunzo yakishapita na hasa kwenye kazi ambazo hawakuwahi kuonyeshwa. Na kazi ya ofisi ndiyo hiyo, kila siku ina jambo ambalo hukuonyeshwa.

Lakini wajulishe mipaka ya uokozi, usiwadanganye kwamba kila kitu kinarudi. Ctrl na Z hurudisha ulichofuta ndani ya jedwali, lakini ukifuta ukurasa mzima wa Excel hairudishi. Ukilifunga faili bila kuhifadhi halafu ukalifungua upya, historia ya Ctrl na Z imekwisha. Faili ulilofuta kwenye diski ya kompyuta utalikuta kwenye kapu la taka, ila ulilofuta kwenye flashi kwa kawaida halipiti huko. Hili la flashi limeniliza mimi mwenyewe, mkesha wa ukaguzi.

Ratiba ifuate boti

Mafunzo ya siku tano mfululizo hotelini, chai ya saa nne na samosa, ni mazuri kwa samosa. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885: mengi husahaulika mapema mno, na kurudia kwa kuachanisha siku hushinda kurundika. Mimi natoa dakika arobaini, mara mbili kwa wiki, wiki sita. Wafanyakazi wengine wanakaa bara na kuvuka kwa boti ya Mokowe, hivyo baada ya saa tisa usiwazuie, macho yao yako gatini. Ijumaa acha. Ramadhani fundisha asubuhi. Wiki ya Maulidi usipange kitu, utajichosha bure.

Kila somo lianze madaftari yakiwa yamefungwa. "Tulifunga vipi hesabu Jumatatu? Nionyesheni." Inauma kidogo, lakini ndiyo inayobaki. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi maandishi: waliojikumbusha kwa kujipima walikumbuka mengi zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena, ingawa waliosoma tena ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wameshika.

Stima ikikatika katikati ya somo, usiwaache waende. Uliza papo hapo: nani amehifadhi? Hakuna somo la kuhifadhi linaloshinda hilo.

Paswadi chini ya kibodi

Utaikuta. Inua kibodi, au tazama nyuma ya kalenda. Usimgombeze mtu kwanza, uliza. Ofisi moja iliwalazimisha watu kubadilisha paswadi kila mwezi, yenye herufi kubwa, nambari na alama. Wote, bila kuambiana, walikuwa na jina la mtaa wao likifuatiwa na nambari ya mwezi. Mwenye kutaka kuingia asingehitaji ujuzi, angehitaji kalenda tu. Anne Adams na Angela Sasse walikuta mambo ya aina hii maofisini Uingereza tangu mwaka 1999: kanuni isiyoendana na kazi hukwepwa, na wakwepaji si watu wabaya. Hata Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwaka 2003 mwongozo uliosambaza desturi hiyo, alikiri mwaka 2017 kwamba anajuta, na mwaka huohuo shirika la viwango la Marekani, NIST, likaacha kudai paswadi ibadilishwe kila baada ya muda bila dalili kwamba imevuja.

Ninachofundisha ni maneno manne yasiyohusiana, ya nyumbani kwako, marefu, yasiyo shairi linalojulikana wala jina la mtoto. Na kila mtu awe na akaunti yake. Mapokezi wakitumia paswadi moja, kosa la mmoja ni aibu ya wote, na hakuna atakayejifunza kutokana nalo.

Jambo jingine la lazima: usifanyie mazoezi rekodi za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na hata isingekuwapo, Lamu ni mji mdogo. Jina moja la mgonjwa kwenye skrini ya darasa litafika mtaa wa Langoni kabla ya wewe kufika. Wagonjwa wangu wa mazoezi ni samaki. Bi Pweza ana presha, Bwana Tewa bin Changu amekuja kung'olewa jino. Wanafunzi huwaongeza wao wenyewe, na papa huwa ndiye mkuu wa ofisi.

Mkuu, tarishi, na mtafiti

Mkuu halisi asikae darasani. Nilimkubalia mmoja, akakaa nyuma na simu yake, na kwa dakika arobaini hakuna aliyeuliza swali. Mfundishe peke yake, mlango ukiwa umefungwa, na yeye mara nyingi ndiye mwenye haja zaidi. Huko faraghani muulize kama mafunzo haya ni ya kupunguza watu. Wafanyakazi wanalijua swali hilo na hawatakuuliza wewe. Kama jibu ni ndiyo, hakuna mbinu yangu hata moja itakayofanya kazi.

Tarishi, kinyume chake, mweke mbele. Mara nyingi ndiye anayejua kuliko wote, kwa sababu simu yake imemfundisha. Mfanye msaidizi, ila naye aikalie mikono.

Sasa kuhusu kuwatazama watu na kuandika. Wamewahi kutujia watafiti, wastaarabu, na maswali marefu juu ya "matumizi ya teknolojia". Tuliwajibu, tukawapa na mahamri, wakaenda. Walichokipata hatukukiona hadi leo. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba mengi yanayosemwa juu ya akili ya binadamu yamepimwa kwa watu wa nchi tajiri za Magharibi, wengi wao wanafunzi wa vyuo. Nikilisoma hilo, lile la saa 4:00 silishangai tena. Lakini wewe na daftari lako la makosa nawe ni mtafiti, mdogo, basi usifanye tuliyofanyiwa. Omba ruhusa mkuu akiwa hayupo, ili "hapana" iweze kutamkwa. Usiandike majina. Na siku ya mwisho wasomee ulichoandika, kwa sauti, kwa Kiswahili, wakusahihishe. Mimi wamenisahihisha sana.

Kurudi baada ya mwezi

Kabla ya somo la kwanza, chagua kazi tatu na uzipime kwa saa ya mkononi: kufunga hesabu, kutafuta rekodi ya zamani, kuandika na kutuma barua. Mwezi baada ya somo la mwisho, rudi uzipime tena. Mtu anayetazamwa hujikaza, kwa hivyo usitazame mtu pekee, tazama na mafaili: majina yake, tarehe zake, kama kuna "mpya", "mpya2" na "mpyaKabisa". Mafaili hayajikazi.

Kwenye kila ofisi naacha kadi moja ya ukutani. Niliporudi kwa mzee wa samaki, kadi yangu haikuwapo. Ilikuwa na mistari tisa, nimeichapa vizuri, nimeipaka na plastiki isiliwe na chumvi. Mahali pake palikuwa na kipande cha katoni, kimeandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wanavyoandika. Nikamwomba anisomee, nisije nikakosea.

Ilikuwa mistari mitatu. Nambari kulia. Kilo juu, mara moja. Hifadhi kabla ya adhana.

Niliuliza yangu iko wapi. Akafungua droo: ilikuwa chini ya kalkuleta. Kadi zangu za sasa zote zina mistari mitatu, na ule wa tatu ni wake, isipokuwa kwenye ofisi zilizo mbali na msikiti, huko naandika kabla ya chai.